Jinsi ya kuitafuta galaksi ya zamani kwenye data za ALMA ukiwa na kompyuta yako tu

Watu wengi wakisikia darubini ya redio wanadhani lazima uwe na dishi lako au uwe umeajiriwa ughaibuni, ndo maana wanakata tamaa mapema. Sasa sikia, ALMA ni darubini ya redio yenye antena 66 kwenye jangwa la Atacama huko Chile, mita kama 5,000 juu ya usawa wa bahari, data zake zinafunguliwa kwa kila mtu mwaka mmoja baada ya aliyeziomba kukabidhiwa, na ukishapita huo mwaka we wa Mbeya au Kisumu unazichukua bure kabisa kama profesa yeyote. Kwahiyo leo naeleza namna ya kuingia humo na kuona kwa macho yako galaksi ambayo mwanga wake umesafiri zaidi ya miaka bilioni 12.

Kwanza uelewe kwanini redio. Mwanga tunaoutafuta haukutoka kule ukiwa wa redio, ulitoka ukiwa infraredi, umetolewa na kaboni na oksijeni zilizopo kwenye gesi katikati ya nyota, ila ulimwengu ulivyokuwa unapanuka njiani na wenyewe ukawa unavutwa kama mpira wa manati, mpaka unafika kwetu ni mawimbi ya milimita. Mawimbi hayo mvuke wa maji angani unayameza vibaya sana, ndo sababu wakapanda juu kule Chajnantor, uwanda ilipo ALMA, ambako hewa ni nyembamba na kavu.

Kuna namba moja utakutana nayo kila mahali, inaitwa z. Inasema mwanga umevutwa kiasi gani. Chukua z, jumlisha moja, hayo ndo mara ambazo wimbi limerefuka, na masafa, yaani mawimbi mangapi yanapita kwa sekunde, yanapungua kwa mara hizohizo. Basi. Kaboni iliyopoteza elektroni moja inatoa mstari wake kwenye gigahezi 1,900.5, oksijeni iliyopoteza elektroni mbili inatoa kwenye gigahezi 3,393. Ziandike hizo namba mbili ukutani kabisa, manake kazi yote iliyobaki inaanzia kwenye kugawanya.

Tuanze na galaksi rahisi, SPT0418-47. Iligunduliwa kwa darubini ya South Pole Telescope kule Antaktika, z yake ni 4.225, maana yake tunaiona ilivyokuwa ulimwengu ukiwa na miaka kama bilioni 1.4 tu. Uzuri wake ni kwamba mbele yake kuna galaksi nyingine iliyokaa sawasawa kwenye mstari wa macho yetu, na uzito wa hiyo ya mbele unaupinda mwanga wa ile ya nyuma kama lenzi, unaukuza, tena unaufanya uonekane kama pete. Gawanya sasa, 1,900.5 kwa 5.225, unapata gigahezi kama 363.7. Hapo ndo pa kuchungulia.

Ingia kwenye hazina ya data ya ALMA mtandaoni (ALMA Science Archive), sehemu ya jina la kitu cha angani andika SPT0418-47, zitakuja rekodi kadhaa. Usikimbilie kupakua zote! Angalia safu ya masafa kwanza, tafuta ile inayopita kwenye 363.7, kisha ukishaifungua utaona kuna mafungu mawili, data ghafi na picha zilizokwisha kuandaliwa. Data ghafi ni gigabaiti nyingi sana, zitakumaliza bando na diski pia. Chukua zilizoandaliwa, na kwenye majina marefu yale ya mafaili tafuta yenye neno cube na pbcor (pbcor maana yake mwanga wa pembeni mwa picha umeongezwa kufidia antena zinavyoona hafifu kingoni). Ukikuta mfs hiyo ni picha ya jumla ya masafa yote yamechanganywa, nzuri kuona vumbi lilipo, ila mstari wa kaboni hutauona vizuri humo. Mi huwa nazishusha usiku nikalala, asubuhi nakuta tayari.

Kufungua unahitaji programu inaitwa CARTA, ya bure, inakaa kwenye Linux na Mac moja kwa moja, wa Windows mtapitia WSL, yaani Linux inayokaa ndani ya Windows. Faili la cube ni kama daftari, kila ukurasa ni picha ya kipande kilekile cha anga kwa masafa tofauti kidogo. Kule wenyewe wanaita chaneli. Sasa pitisha kurasa polepole moja moja, usiweke ijiendeshe. Mwanzoni utaona chengachenga tu, kelele, kama tivii za zamani antena ikiwa imegeuka. Endelea. Ukikaribia 363.7 kuna kipande cha pete kitaanza kuwaka upande mmoja, ukurasa unaofuata kimekolea, mbele kidogo mng'ao umehama kwenye pete, mbele tena umeenda upande mwingine, alafu unafifia na chengachenga zinarudi. Huko kuhama ndo galaksi inazunguka, upande mmoja unakuja kwetu na mwingine unaondoka, kila upande unasikika kwenye masafa yake. Mara ya kwanza kuiona nilirudisha nyuma na kupeleka mbele sijui mara ngapi. Mwaka 2020 Francesca Rizzo na wenzake walitumia hikihiki kinachohama kuonyesha kwamba hiyo galaksi ni sahani inayozunguka kwa utulivu, kama zilivyo za jirani zetu, wakati wengi walitegemea galaksi za umri ule ziwe za vurugu.

Sasa hapa nipe sikio vizuri, manake ndo wengi wanaangukia. SPT0418-47 inang'aa sana kwasababu ya lenzi. Ukienda kwenye galaksi za mbali zaidi mwanga ni hafifu, na kelele nayo inajua kutengeneza madoa yanayofanana kabisa na galaksi. Nguvu ya doa tunaipima kwa sigma, yaani ni mara ngapi limezidi kelele ya kawaida. Sigma 4 inasikika kubwa, lakini cube moja ina chaneli nyingi na kila chaneli ina sehemu nyingi za kuangalia, kwahiyo kwa bahati tu lazima madoa ya aina hiyo yatokee. Mfano upo wa wataalamu wenyewe, kitu kinaitwa HD1, mwaka 2022 walisema huenda kipo z ya 13.3 na ALMA ikawa na kama dalili ya oksijeni karibu na gigahezi 237.8, nguvu yake sigma 4. Baadae darubini ya James Webb ikapima, ikakuta z ni kama 4 tu.

Kipimo ninachokiamini mimi ni hiki, tafuta na madoa hasi. Kwenye hizi picha kelele inaenda pande mbili, juu ya sifuri na chini ya sifuri, na galaksi haiwezi kutoa mwanga hasi. Kwahiyo ukipata doa la jumlisha 4, geuza rangi utafute la kutoa 4 kwenye cube hiyohiyo. Yakiwepo, doa lako halina uzito wowote bado. Mi nilikaa wiki nzima na doa moja nikilipenda kweli, siku nilipogeuza nikakuta mawili hasi yenye nguvu ileile, nikaliacha. Angalia pia kama doa linaendelea kwenye chaneli zaidi ya moja mfululizo, na kama limekaa palepale Webb au Hubble ilipoona galaksi. Na faili la pbcor likikuonyesha madoa makali pembeni pembeni yaache tu, kingoni kelele inakuzwa.

Ukishazoea hiyo, nenda kwa galaksi ya mbali zaidi, JADES-GS-z14-0. Mwaka 2024 kipimo cha Webb kiliiweka kama z ya 14.32. Ukigawanya 3,393 kwa 15.32 unapata 221.5. Wenye kuiangalia na ALMA wakaja kukuta oksijeni kwenye 223.5 hivi, maana yake z ni 14.18, ulimwengu ukiwa haujafikisha hata miaka milioni 300. Timu mbili zilifanya hesabu hiyo, moja ya Sander Schouws na nyingine ya Stefano Carniani. Ona hapo tofauti ni gigahezi 2, na dirisha moja la ALMA lina upana usiofika 2, kwahiyo ungeng'ang'ania 221.5 peke yake ungeweza kuikosa kabisa. Ndo maana ukiwa na z ya kukadiria piga hesabu ya ncha zote mbili, ya chini na ya juu, uangalie masafa yote ya katikati.

Data ghafi ziache mpaka ukutane na kitu ambacho picha zilizoandaliwa hazitoshi, mfano unataka kuondoa mwanga wa vumbi kwa namna yako au kupata picha kali zaidi. Hapo utaweka CASA, programu ya kuchakata data ghafi, na toleo liwe lilelile lililotajwa kwenye README ya mradi, ukiweka jipya zaidi skripti inaweza kugoma katikati. Endesha skripti ya scriptForPI, iache isahihishe data kwa kutumia vile vitu ving'avu vya angani vya kupimia, kisha picha unatengeneza na amri ya tclean.

Na ukikuta hakuna aliyewahi kuangalia galaksi yako, omba muda. Maombi yanafunguliwa mara moja kwa mwaka, wanaoyasoma hawaoni jina lako wala chuo chako, wanasoma hoja tu. Hata usipotoka nchi mwanachama unaruhusiwa kuomba. Kwenye hoja weka masafa uliyogawanya, ncha zote mbili za z, na sigma ngapi unazitaka. Omba zaidi ya 5.