Mambo ya kuzingatia kabla ya kutembelea Makumbusho ya Historia ya Estonia, Tallinn

Hakikisha kwanza unakwenda jengo lipi, kwa sababu hapa ndipo wageni wengi hupoteza nusu siku. Makumbusho ya Historia ya Estonia yana majengo mawili makubwa mjini Tallinn. Moja ni jumba la Chama Kikuu, umoja wa wafanyabiashara wa zama za kati, mtaa wa Pikk namba 17, katikati ya mji mkongwe. La pili ni kasri la Maarjamäe, nje ya kuta za mji, kwenye barabara ya pwani iendayo kitongoji cha Pirita. Huko kinachosimuliwa zaidi ni jamhuri ya Estonia iliyotangazwa mwaka 1918. Ukimwambia dereva "makumbusho ya taifa" bila kufafanua, mambo huzidi kuchanganyika, maana Eesti Rahva Muuseum, yaani makumbusho ya taifa yenyewe, yako mji wa Tartu, mwendo wa saa mbili na zaidi kwa treni. Andika "Pikk 17" kwenye simu yako mapema.

Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya anahitaji viza ya Schengen, viza moja inayotumika katika nchi nyingi za Ulaya. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasicheleweshwe hadi zibaki pungufu ya siku 15. Bima ya safari iwe ya euro 30,000 au zaidi. Wengi huunganisha Tallinn na Helsinki, mji mkuu wa Finland, kwani meli huvuka kwa takriban saa mbili. Ukifanya hivyo, omba viza kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, omba kwa ile utakayoingia kwanza. Kosa hapo linatosha kukufanya urudishwe dirishani.

Msimu nao una uzito wake. Desemba mwanga wa jua ni kama saa sita tu, Juni unapita saa kumi na nane. Katika miezi ya baridi makumbusho mengi hufungwa Jumatatu, kwa hiyo angalia ratiba kwenye tovuti yao, pamoja na sikukuu: 24 Februari, 23 na 24 Juni, na Krismasi.

Viatu! Njia za mji mkongwe zimetandikwa mawe yasiyo sawa. Soli nyembamba huumiza nyayo, kisigino kirefu hunasa, na barafu ikishika hata mwenyeji huteleza. Vaa viatu vyenye soli nene ya mpira iliyochongwa meno. Theluji inapoyeyuka, usitembee ukiambaa na kuta, maana mabonge ya barafu huporomoka kutoka mapaani. Sanduku la magurudumu liache hotelini.

Tenga saa mbili, na uzianzie nje. Jumba la Pikk 17 lilikamilika mwaka 1410, na vigongeo vya mlango wake vyenye vichwa vya simba ni vya 1430. Ukikimbilia ndani unapita kifaa cha thamani kuliko vingi vilivyo kabatini. Ndani, inua macho kwenye dari la matao na nguzo zake kabla ya kusoma maelezo. Maonyesho yaliyofunguliwa 2011 yanafuata miaka 11,000 ya watu wa Estonia. Asiyejua Wadenmarki, Wajerumani, Waswidi na Warusi walitawala hapa kwa zamu atachoka haraka, hivyo soma kurasa mbili tatu za historia hiyo usiku wa kabla.

Ukitoka, fuata Pikk hadi namba 26. Wanachama wa Chama Kikuu walikuwa wafanyabiashara waliooa. Makapera walikuwa na udugu wao, wa Vichwa Vyeusi, wenye nyumba hii ya namba 26, na mlinzi wao alikuwa Mtakatifu Mauritius, askari Mwafrika. Kichwa chake kimechongwa juu ya mlango wao mpaka leo.