Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kununua Vifaa vya Kompyuta ya Nguvu Mjini Kisumu

Mtu anayetaka kuundiwa kompyuta ya hali ya juu, iwe ya kuhariri video, ya kuchora ramani za majengo au ya michezo, mara nyingi huanza kwa kuchagua kadi ya grafiki, kisha hutafuta vifaa vingine vya kuisindikiza. Kwa anayeishi Kisumu, namwomba aanze na soketi ya ukutani. Eneo la Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani, na jioni za mvua taa hufifia, hung'aa ghafla, kisha stima hupotea na kurudi mara mbili tatu kabla haijatulia. Kabla ya kutumia shilingi yoyote, mwite fundi wa umeme apime kama waya wa ardhini wa nyumba yako unafika ardhini kweli. Katika nyumba moja ya kupanga huko Kondele, mtaa wa Kisumu, nilifungua soketi nikakuta ule waya wa kijani na manjano umekatwa ndani ya ukuta, haujafungwa popote, ilhali mpangaji alikuwa ameshanunua kinga ya radi ya bei kubwa ambayo, bila waya huo, haina pa kuumwaga umeme uliozidi.

Baada ya hapo, piga hesabu ya wati. Kadi ya grafiki ya RTX 4090 hutumia hadi wati 450, na RTX 5090 iliyotoka mwaka 2025 hufika 575. Prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Intel Core i9-14900K nayo inaweza kufika 253. NVIDIA, kampuni inayounda kadi hizo, hupendekeza pawa saplai (kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta) ya wati 850 kwa kadi ya kwanza na 1000 kwa ya pili, na hapa si mahali pa kubana matumizi, kwa kuwa pawa saplai duni ikiungua inaweza kuondoka na bodi mama, yaani bodi kuu inayobeba vifaa vyote, pamoja na kadi. UPS, yaani betri inayoishikilia kompyuta stima ikipotea, nayo huwachanganya wengi. Ile ndogo ya VA 650 (VA ni kipimo cha umeme kinachoandikwa kwenye UPS) inayouzwa kila duka haibebi wati 650; nyingi za aina hiyo hubeba chini ya 400, kwa hiyo stima ikipotea kompyuta ikiwa kazini, huzima papo hapo kana kwamba UPS haipo. Uliza wati, si VA, na uulize pia kama betri inatoa umeme wa mawimbi laini kama ya stima ya ukutani, kwa sababu baadhi ya pawa saplai za kisasa hujizima zinapopewa mawimbi ya kuigiza. Huhitaji saa nzima ya betri. Dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu zinatosha.

Jambo la tatu ni joto, na hili nalihimiza kwa dhati. Kipoza joto hakiwezi kuishusha prosesa chini ya joto la hewa ya chumbani, na chumba cha Kisumu kisicho na kiyoyozi hufika nyuzi 30 mchana bila kujitahidi. Majaribio mengi ya vifaa tunayosoma hufanywa katika vyumba baridi kuliko hivyo. Kompyuta inayovuta wati 700 humimina joto hilo lote ndani ya chumba, sawa na jiko dogo la umeme lililoachwa wazi. Ndiyo maana mimi hupendelea prosesa yenye kiu ndogo: kwa michezo, Ryzen 7 7800X3D ya kampuni ya AMD, ya wati 120, inatosha kabisa, na kwa kazi nzito, Ryzen 9 7950X yenye viini 16 inaweza kuwekwa katika hali ya kubana umeme ya wati 105 na ikapoteza sehemu ndogo tu ya kasi yake.

Kasha nalo lichaguliwe kwa chujio lake. Lazima liwe na uso wa mbele wa wavu na chujio linalochomoka kwa mkono bila bisibisi. Wakazi wa karibu na ziwa wanavijua vile vidudu vinavyopanda kutoka majini kama wingu la moshi na kufuata mwanga usiku. Mwaka mmoja baada ya kuunda mashine moja nililichomoa chujio lake nikakuta blanketi la kijivu: vumbi na mabawa vilivyoshikana hadi tundu halionekani, na feni nyuma yake zikilia bure. Taa za rangi ndani ya kasha, kwa maoni yangu, ni mwaliko kwa vidudu hivyo.

RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, inunuliwe ikiwa vipande viwili vya seti moja. Kwa prosesa za Ryzen 7000, vipande viwili vya DDR5 (aina ya RAM inayotumiwa na prosesa hizo) vinakubaliwa rasmi kwa kasi ya 5200, lakini vinne hushuka hadi 3600. Kwa kuhifadhi kazi, diski yoyote nzuri ya kasi ya aina ya NVMe PCIe 4.0 inafaa.

Tahadhari moja ya soko la mitumba: mwaka 2024 Intel ilikiri kuwa baadhi ya prosesa zake za kizazi cha 13 na cha 14 za kompyuta za mezani zilikuwa zikijidhuru kwa volteji iliyozidi, ikatoa marekebisho ya BIOS (programu ya msingi ya bodi mama) na kuongeza waranti kwa miaka miwili. Marekebisho hayo hayaponyi iliyokwisha kudhurika, kwa hiyo usinunue ya mkono wa pili bila kujua ilikotoka.

Ukinunua Nairobi na kutumiwa kwa basi, kadi isafiri peke yake katika boksi lake, kamwe isiwe imefungwa ndani ya kasha, kwani kadi kubwa huzidi kilo mbili na barabara ina matuta ya kutosha kuvunja tundu la bodi mama. Andikiana na muuzaji nani atalipia kuirudisha ikiwa na hitilafu, na katika siku ngapi. Ikifika, sukuma plagi yake ya pini 16 hadi ukingo wake uguse kadi, bila kuukunja waya karibu na plagi, kwa maana plagi zisizoingia vizuri ndizo zilizopatikana zimeyeyuka katika RTX 4090. Kisha iendeshe kompyuta kwa nguvu zote saa nane mchana, dirisha likiwa kama unavyoliacha kila siku, uandike nyuzi joto za prosesa na za kadi wakati muda wa kurudisha haujaisha.