Kuchora kwa njia ya kale ukiwa Arusha au Moshi: dirisha, timazi, mkaa, ndipo rangi

Ngazi ya shule za kale za uchoraji haijabadilika sana tangu karne ya 19. Unanakili michoro ya waliokutangulia, unachora sanamu za plasta, unachora mtu aliye hai, ndipo unapewa rangi. Kati ya 1866 na 1871 mchoraji Mfaransa Charles Bargue, akishirikiana na mchoraji mwenzake Jean-Léon Gérôme, alitoa huko Paris kozi ya kuchora yenye kurasa 197 za mifano, na hadi leo vyumba vingi vya mafunzo Ulaya na Marekani huanzia hapo. Hakimiliki yake ilikwisha zamani: unazipakua kurasa, unazipeleka steshenari, unachapishiwa kwenye A3 kwa wino mweusi tu.

Wapo wanaoogopa kwamba kunakili kutawaua mkono. Sam Ntiro, mzaliwa wa Kilimanjaro, alisoma Makerere kisha Slade, chuo cha sanaa cha London, na bado aliendelea kuchora maisha ya Wachagga kwa namna yake, si ya Slade. Nakili bila wasiwasi.

Njia yote imesimama juu ya jambo moja: vitu vitatu visisogee. Mwanga usisogee, jicho lisisogee, na kinachochorwa kisisogee. Karibu kila kosa utakalolifanya mwaka wa kwanza, ukilifuatilia hadi mwisho, utakuta kimojawapo kilisogea. Na kwetu huku, kigumu kuliko vyote ni mwanga.

Dirisha

Vitabu vya Ulaya vitakuambia utafute dirisha la kaskazini. Kwao ni sawa, maana jua lao la mchana huwa kusini mwaka mzima. Arusha na Moshi ziko nyuzi 3 na kitu tu kusini mwa ikweta, na jua letu linahama. Kuanzia mwanzoni mwa Oktoba hadi karibu katikati ya Machi linapita upande wa kusini, kwa hiyo dirisha la kaskazini ni salama. Miezi iliyobaki linapita kaskazini, na dirisha lile lile litakumwagia jua juu ya sanamu, kivuli kikihama mbele ya macho yako huku wewe ukidhani mkono wako ndio mbaya. Ukiweza, pata chumba chenye madirisha pande zote mbili, uzibe moja kwa maboksi kulingana na msimu. Dirisha la mashariki au magharibi litakupa nusu siku tu ya kazi. Kama huna jingine, lifunike shuka jeupe jepesi lililonyooshwa vizuri; mwanga utapungua ukali, ingawa bado utabadilika.

Ziba pia nusu ya chini ya dirisha. Mwanga ukiingia juu tu, ukashuka kwa mshazari wa nyuzi 45 hivi, kitu kinagawanyika wazi pande mbili, ya mwanga na ya kivuli. Ukiingia mpana kutoka chini hadi juu, mwanga unavuja hadi ndani ya vivuli na huoni vinapoanzia.

Kisha chungulia nje. Bati jekundu la jirani hurudisha wekundu kwenye dari yako. Moshi, penye migomba hadi ukutani, plasta nyeupe hugeuka kijani upande mmoja, na anayeanza huishia kuchanganya rangi ya sanamu isiyokuwepo. Kuta za chumba zipakwe kijivu au zitundikwe vitambaa vyeusi upande wa kivuli.

Mawingu ya Juni na Julai, ambayo watu huyanung'unikia kwa baridi, kwa mchoraji ni neema. Mwanga hautikisiki kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 9 alasiri. Kazi ndefu zipangie miezi hiyo.

Vifaa

Stendi mtengenezeshe seremala kwa mbao za 2x2, yenye ubao unaosimama wima kabisa. Usiulaze. Karatasi ikilala, sehemu yake ya juu inakuwa mbali zaidi na jicho kuliko ya chini, nawe unairefusha bila kujua. Ukija kusimamisha mchoro ukutani, kichwa kimevimba.

Mkaa wa kuchorea unaweza kujitengenezea. Kata vijiti vya mforosadi vilivyonyooka, unene wa penseli au pungufu, vimenye ganda, vikaushe kivulini wiki moja au mbili. Vipange vimebanana kwenye kopo la maziwa ya unga lenye mfuniko wa bati, toboa mfuniko tundu moja kwa msumari, weka kopo katikati ya jiko lililokolea. Moshi utatoka kwenye tundu kwa nguvu, utapungua, kisha utakoma; hapo ipua. Usifungue mpaka kopo lipoe kabisa, hata kama ni kesho yake. Ukifungua likiwa moto hewa inaingia, vijiti vinashika moto na unabaki na majivu. Kijiti kikikwaruza karatasi hakijaiva. Kikivunjika kwa kuguswa tu, kilikuwa chembamba mno au kilikaa motoni kupita kiasi.

Manila inateleza, mkaa haushiki. Tafuta karatasi yenye ukwaru kidogo. Karatasi ya kaki inafaa sana kwa mazoezi ya mkaa pamoja na chaki nyeupe ya shuleni, ila inageuka rangi haraka, kwa hiyo usiitumie kwa kazi ya kutunza. Kifutio bora cha mkaa ni kile cha zamani: nyama ya mkate mweupe, isiyo na siagi, iliyofinyangwa mpaka ishikane. Inanyonya mkaa bila kukwaruza.

Timazi ni uzi mweusi na nati ya chuma, kama ya mwashi. Ongeza spoku ya baiskeli iliyonyooka ya kupimia, na kioo kidogo. Skrini ya simu iliyozimwa nayo ni kioo kizuri: inapunguza mwanga na kugeuza picha, na makosa yanajitokeza yenyewe.

Plasta huhitaji kuagiza mbali. Jipsamu inachimbwa Makanya, wilayani Same. Nunua plasta safi ya Paris, si ile ya kuzibia mapengo ya dari, ambayo hubaki laini. Kipimo ni vikombe viwili vya plasta kwa kimoja cha maji. Nyunyiza plasta juu ya maji, kamwe si maji juu ya plasta, iache inywe dakika moja, koroga polepole usiingize mapovu. Mchemraba utaupata kwa kumimina kwenye boksi la maziwa, umbo la pia (koni) kwa manila iliyokunjwa na kupakwa mafuta ya mgando ndani, tufe kwa mpira wa plastiki uliokatwa kati. Usizamishe mkono wako ndani yake kutafuta umbo: plasta inapoganda hupata moto na imeunguza watu vibaya. Mabaki yasimwagwe kwenye sinki. Umbo likauke wiki nzima, masika hata mbili.

Vinyago vya mpingo vya madukani acha kwanza. Ni vyeusi na vinang'aa, na mng'ao unaficha umbo. Ukipenda umbo lake, tafuta cha bei ndogo ukipake rangi ya maji nyeupe isiyong'aa.

Kupima

Weka sanamu kwenye meza, na ubao wako pembeni yake kabisa, kwenye mstari mmoja, ili ukisimama mbali uone sanamu na karatasi kwa ukubwa ule ule. Umbali wako uwe mara 3 ya urefu wa sanamu. Ya sentimita 40, simama mita 1.2 nyuma. Chora nyayo zako sakafuni kwa chaki. Hapo ndipo pa kutazamia, na si kwingine.

Sasa kazi ni ya kutembea. Ukiwa kwenye nyayo, fumba jicho moja, nyoosha mkono bila kukunja kiwiko, shika uzi mlalo kati ya mikono miwili, ulaze kwenye utosi wa sanamu, na uone unakata wapi kwenye karatasi. Kariri mahali hapo. Sogea mbele, weka alama, rudi nyuma, hakiki. Fanya hivyo kwa utosi, chini, kidevu, pua. Kisha ninginiza timazi ipite katikati ya sanamu, chora mstari huo kwenye karatasi, na upime kila kitu kiko mbali nao kiasi gani kushoto na kulia.

Usichore ukiwa karibu huku unatazama sanamu. Ukisogea hatua moja, pua inahama kuhusiana na sikio. Jambo la pili: mistari ya kwanza iwe mirefu na iliyonyooka tu, kama fundi anayechonga mti kwa shoka kabla ya tezo. Anayeanza na mkunjo wa tundu la pua atalichora vizuri sana mahali pasipo pake, na kwa kuwa limependeza hatakubali kulifuta.

Kwa kunakili kurasa za Bargue utaratibu ni huu huu, kurasa mbili zikiwa bega kwa bega. Ukurasa mmoja wa mguu au sikio uukalie saa 15 hadi 30. Ukimaliza kwa saa mbili, hukupima. Kurasa sita au saba zilizopimwa kweli zinatosha kuhamia kwenye plasta.

Kivuli

Anza na tufe. Kwanza tengeneza ngazi ya visanduku 9, kutoka weupe wa karatasi hadi weusi wa mwisho wa mkaa, kila hatua ikiwa sawa na nyingine. Kisha tafuta mstari ambapo mwanga unakoma, na upande wote wa kivuli ujaze kiwango kimoja, bapa, bila kupamba. Tazama kwa macho nusu: tufe na mchoro vifanane tayari.

Kosa lililozoeleka liko kwenye mwanga unaorudi, ule unaodunda kutoka mezani na kuingia kivulini. Jicho likiutazama peke yake linauona mkali, mkono unaupausha, na tufe linatoboka kama sufuria ya bati. Sehemu iliyo nyeupe kuliko zote ndani ya kivuli bado ni nyeusi kuliko sehemu iliyofifia kuliko zote upande wa mwanga. Pima kwa ngazi yako, usikisie.

Mtu aliye hai anafuata baada ya plasta tatu au nne. Dakika 20 za kukaa, 5 za kupumzika, na nyayo zake, viwiko na miguu ya kiti vizungushiwe chaki, la sivyo kila baada ya mapumziko unachora mtu mpya.

Rangi

Pakia juu ya hadibodi iliyopigwa jeso ya akriliki (rangi nyeupe ya msingi) mikono mitatu, msasa namba 220 katikati ya kila mkono. Amerikani nayo inafaa ikiwambwa na kupigwa jeso hiyo hiyo. Mafuta yakigusa kitambaa kitupu hukifanya kikauke na kukatika baada ya miaka. Rangi za kung'aa za makopo, zinazotumiwa kwenye Tingatinga, ni nzuri kwa kazi yake, lakini hukauka haraka mno kwa kulainisha kingo.

Kiungo cha rangi ni mafuta ya kitani. Ya alizeti ya jikoni yatabaki yakinata miezi. Mafuta ya taa ni ya kusuuzia brashi tu, na thina ya magari hula tabaka la chini. Tabaka la kwanza liwe na tapentaini zaidi, yanayofuata yaongezewe mafuta kidogo kidogo. Ukigeuza, la juu hukauka kabla ya la chini, na picha hupasuka.

Picha ya kwanza iwe ya amba (kahawia ya udongo) na nyeupe peke yake, plasta ile ile uliyoichora kwa mkaa. Ya pili tumia rangi nne zinazohusishwa na Anders Zorn wa Uswidi: nyeupe, okra ya njano (njano ya udongo), nyekundu, nyeusi.

Hapa ndipo vitabu vinapotuacha njiani, kwenye ngozi. Mapishi yao ni ya ngozi nyeupe, ambayo kwenye ngazi ya visanduku 9 huanzia juu, upande wa weupe. Ngozi yetu nyingi upande wa mwanga hukaa katikati ya ngazi au chini yake, wakati mng'ao kwenye paji la uso na ncha ya pua unaruka juu kabisa. Nafasi kati ya mwanga na kivuli ni finyu, mng'ao ni mkali, na chini ya dirisha la anga mng'ao huo ni wa bluu baridi. Ukiongeza nyeupe ili kuangaza shavu, ngozi inapauka kama ya mtu aliyeoga bila kupaka mafuta. Angaza kwa okra na nyekundu kwanza, nyeupe iwe tone. Kivuli nacho usikifanye kwa nyeusi tupu. Siena iliyochomwa (kahawia yenye wekundu) na bluu ya ultramarini hutoa weusi wenye uhai, unaousogeza upande wa joto au wa baridi kwa kuongeza moja kati ya hizo mbili. Weka rangi iliyochanganywa kwenye ncha ya kisu, kinyooshe mbele ya shavu la mtu unayemchora kwenye mwanga ule ule, linganisha, rekebisha, ndipo uguse picha.

Matambara yenye mafuta ya kitani yaanikwe yametandazwa, yasifunganywe kwenye ndoo. Hujipasha na huweza kuwaka yenyewe. Picha mbichi iegemezwe uso wake ukitazama ukuta, kwa kuwa vumbi la kiangazi likishanasa kwenye rangi halitoki bila kuondoka na rangi yenyewe. Masika ipe kila tabaka muda mara mbili, na vanishi isubiri miezi sita.