Nundu ya saa mbili usiku: yapange kabla mtu hajagonga kichwa

Mtoto kateleza kwenye vigae vya bafuni. Fundi kashuka ngazi vibaya Tandika. Abiria wa bodaboda katupwa na shimo ambalo jana lilikuwa limejaa maji. Mara nyingi inaishia kwenye nundu na kilio, na kesho yake hakuna anayekumbuka. Shida ya kichwa ni kwamba ubaya wake haulazimiki kuja palepale. Mtu anainuka, anajipangusa vumbi, anaomba chai, halafu saa kadhaa baadaye anaanza kuzorota, kwa sababu damu inavuja ndani ya fuvu na fuvu halitanuki. Kinachobanwa ni ubongo. Kwa hiyo cha kupanga mapema ni zile saa zinazofuata: nani atakuwa macho, mtaondoka kwa ishara gani, kwa usafiri upi, kwenda wapi. Mkisubiri kuyaamua saa nane usiku, shangazi anasema tusubiri kuche na jirani anasema twende, mtasubiri kuche.

Anzeni na ishara. Kila mtu mzima wa nyumba, na dada wa kazi akiwa wa kwanza maana ndiye anayeshinda na watoto, ajue mambo ambayo hayajadiliwi. Aliyegonga kichwa akizimia hata kwa muda mfupi, akitapika zaidi ya mara moja, kichwa kikizidi kuuma badala ya kupoa, akiongea ovyo au kuuliza swali lilelile mara tano, akipata degedege, mkono au mguu ukilegea, mboni moja ikawa kubwa kuliko nyingine, basi anapelekwa hospitali muda uleule. Maji maji yasiyo na rangi au damu ikitoka puani au sikioni, au weusi ukajitokeza nyuma ya sikio au kuzunguka macho yote mawili bila macho kupigwa, hiyo huenda ni dalili kwamba mfupa wa chini ya fuvu umepasuka. Msizibe sikio kwa pamba. Na wingi wa damu usiwadanganye: ngozi ya kichwa huvuja sana hata kwa jeraha dogo, wakati pigo la kwenye panja, pale mfupa ulipo mwembamba, linaweza lisiache hata mchubuko.

Wapo wasiosubiriwa kuonyesha ishara. Mtoto mchanga hawezi kusema kichwa kinamuuma. Atakataa ziwa, atalia bila kubembelezeka, au utosi utavimba. Mzee wa miaka 65 na kuendelea, mtu anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda kama warfarin, na yeyote aliyeanguka kutoka juu au kugongwa na chombo cha moto, hao wanapelekwa kuangaliwa hata wakisema wako sawa. Mlevi naye. Binafsi naona huyu ndiye anayeonewa zaidi mitaani: kaanguka mtaroni, anakoroma, watu wanacheka wanasema pombe ikiisha ataamka. Pombe na damu kichwani vinafanana kwa nje, na hakuna wa kuvitenganisha kwa macho.

Kuna amri ya zamani kwamba aliyegonga kichwa asilale. Nimelelewa nayo, tulipigwa vibao vya mashavu tusisinzie. Mtoto aliyelia sana amechoka, na muda wake wa kulala ukifika atalala. Kama anaongea vizuri na hana hata moja ya yale niliyotaja, mwache alale, ila asilale peke yake. Mguse mara mbili tatu usiku huo. Akijigeuza, akanung'unika, akakusukuma mkono, ni sawa. Ukimwita na kumtikisa asiamke kama kawaida yake, mnaondoka.

Kwenye sanduku la dawa wekeni paracetamol. Aspirini, diklofenaki na ibuprofeni ziacheni mpaka daktari aseme, kwa kuwa zinaweza kuongeza kuvuja damu. Nundu mbichi haikandwi kwa maji ya moto wala haichuliwi. Wekeni barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, kama dakika 10 au 15. Barafu ya muuza juisi inatosha.

Sasa safari. Zahanati ya mtaa itashona jeraha na kuanza huduma, lakini kuona ndani ya fuvu kunahitaji picha ya CT. Eksirei ya kawaida huonyesha mfupa, haionyeshi damu kwenye ubongo, hivyo mtu akisema "nimepiga picha, niko salama", ulizeni ni picha gani. Kwa Dar es Salaam, hospitali za rufaa za mkoa ni Amana, Temeke na Mwananyamala. Jueni ipi iko karibu nanyi kwa njia ya usiku, si kwa ramani. Kesi za upasuaji wa ubongo hupelekwa MOI, Taasisi ya Mifupa Muhimbili, jina ambalo huwafanya wengi wadhani ni ya miguu na mikono tu. Anayeishi Kigamboni aamue mapema kama ni pantoni au Daraja la Nyerere. Muwe na namba ya dereva wa bajaji au teksi anayepokea simu usiku. Aliyepoteza fahamu au anayelalamika shingo asipakiwe kwenye bodaboda katikati ya watu wawili. Shingo itulizwe, na alazwe kwenye gari. Ajali ikiwa ya barabarani au ni ugomvi, mtaulizwa PF3 ya polisi. Mgonjwa akiwa mahututi atangulie hospitali, mmoja wenu afuate fomu.

Hata mkiruhusiwa kurudi nyumbani, jambo halijaisha. Siku mbili za kwanza mtoto apumzike, asishike simu, na asirudi kwenye mpira mpaka kichwa na kizunguzungu viishe kabisa. Kwa wazee, hesabu ndefu zaidi: damu inaweza kuvuja polepole na kujionyesha baada ya wiki kadhaa. Bibi aliyeteleza mwezi uliopita ameanza kupoteza maneno, anaburuta mguu, analala mchana kutwa, na nyumba nzima inasema ni uzee. Mpelekeni, na mkifika mtajeni daktari ule mtelezo, kwa sababu yeye mwenyewe huenda ameshausahau.

Andikeni kwenye karatasi moja dawa anazotumia kila mtu, namba ya kadi ya bima na simu ya dereva, mbandike mlango wa kabati la vyombo. Aliyegonga akipelekwa, uongezwe mstari mmoja: saa aliyoanguka. Ndilo swali mtakaloulizwa mapokezi, na ndilo ambalo kila ndugu hujibu tofauti.