Kiwanja cha Kariakoo bila ya kusukumana: mpango wangu wa siku ya pembea

Nasomesha skuli ya maandalizi hapa mjini Unguja. Kila mwaka naingia kiwanja cha kufurahishia watoto cha Kariakoo mara tatu au nne: mara moja na wanafunzi wangu, nyengine na wanangu na watoto wa jirani. Kariakoo nnayoisema ni yetu, ya karibu na Michenzani, si soko la Dar es Salaam. Na pembea kwetu ni kila chombo cha kupanda watoto mle ndani, hata treni.

Kila baada ya sikukuu nasikia kilio kile kile cha wazee: "Mwalimu, tumesimama tangu alasiri, mtoto kapanda pembea mbili tu." Mtoto huyo alikuwa akihesabu siku tangu kumi la mwisho la Ramadhani. Inaniuma, kwa sababu jambo lenyewe lina dawa. Hivi ndivyo ninavyofanya mimi.

Hatua ya 1: Chagua siku kabla ya kuchagua nguo

Hii ndiyo hatua inayobeba nyengine zote. Sikukuu zetu za Idd ni siku nne, na siku hizo hazilingani hata kidogo. Sikukuu mosi, asubuhi watoto wanazunguka kwa majamaa kukusanya mkono wa Idd. Ikifika alasiri fedha zimo mfukoni, nguo mpya zimo mwilini, na mji mzima unashuka kiwanjani kwa wakati mmoja. Sikukuu pili na tatu zinaongezeka gari za shamba, watoto wamejaa mpaka mlangoni. Sikukuu nne fedha zimekwisha, wageni wengi wamerudi kwao, na foleni ile ile iliyokuwa inakula saa nzima unaimaliza kwa robo saa. Kwa hiyo wangu nawapeleka sikukuu nne. Sikukuu mosi tunatembea Forodhani, wanapigwa picha, wanakula malai, tunarudi.

Lakini mwambie mtoto mapema, wiki nzima kabla. Ukimwambia siku yenyewe, wenzake wameshavaa wanakwenda, utakuwa umemvunja moyo bure.

Nje ya sikukuu, siku za kati ya wiki wakati wa likizo ya skuli ndizo nzuri kuliko zote. Ijumaa na Jumapili jioni watu ni wengi. Tarehe 12 Januari, Sikukuu ya Mapinduzi, ihesabu kama sikukuu mosi.

Angalia na mvua. Masika yetu ni baina ya Machi na Mei, na Idd inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Mwaka 2025 Idd el Fitr iliangukia mwisho wa Machi, kwa hiyo miaka inayofuata inazidi kurudi kwenye jua la kaskazi. Maana yake maji na kofia ni lazima. Mvua ikikukuta ndani, usikimbilie nyumbani. Watu wengi wataondoka, nawe jibanze pahala penye paa nusu saa, kisha umuulize msimamizi kama pembea zimekauka na ziko salama. Akisema bado, basi ni bado, hata mtoto alie.

Hatua ya 2: Uliza siku moja kabla

Mambo mawili tu: wanafungua saa ngapi, na pembea gani haifanyi kazi. La pili watu hawaliulizi kabisa. Pembea moja kubwa ikiharibika, watoto wake wote wanahamia kwenye zilizobaki. Mwaka mmoja nilikwenda na watoto ishirini na mbili bila ya kuuliza, nikakuta treni imesimama. Nyuso zile sijazisahau.

Hatua ya 3: Panga siku kwa swala

Mjini kwetu watu hutoka kwa adhana kuliko kwa saa ya ukutani. Wengi wanaswali alasiri nyumbani, wanavaa, wanafika kiwanjani saa 10 na nusu hadi saa 11 jioni. Wewe uwe umefika mara tu wanapofungua mlango. Kama wanafungua baada ya adhuhuri, jua ni kali lakini foleni hakuna, na saa moja ya wakati huo ni sawa na tatu za jioni.

Nafasi ya pili inakuja magharibi. Jua la Unguja huzama baina ya saa 12 na robo hivi na saa 12 na dakika arubaini na kitu, kutegemea mwezi. Adhana ikilia, wengi wanakwenda kuswali na wengi wanakwenda nyumbani moja kwa moja. Kama mko watu wazima wawili, mmoja aende msikitini mwanzo na mwengine abaki na watoto, kisha mubadilishane kabla wakati haujatoka. Baina ya magharibi na isha taa zimewaka, upepo umepoa, na watoto wanapanda bila ya kusukumana.

Hatua ya 4: Anza na pembea inayojaza polepole

Wengi huanza na ile iliyo karibu na mlango. Wewe anza na gurudumu kubwa. Sababu ni namna linavyopakia. Treni ikisimama, watoto wote wanashuka na wengine wote wanapanda kwa pamoja. Gurudumu linasimama kibanda kwa kibanda, na kila kusimama ni dakika. Ndivyo lilivyo tangu asili yake: lile la mhandisi George Ferris wa Marekani, la Chicago mwaka 1893, lilikuwa na vibanda 36, kila kimoja cha watu 60, na mzunguko wake wa kwanza wote ulikuwa wa kusimama mara sita ili watu washuke na kupanda. Mzunguko wa pili ndio uliokwenda bila ya kusita.

Kwa hiyo gurudumu mwanzo, wakati watu hawajafika. Kisha pembea za kuzunguka. Vigari vya kugongana na treni viache mwisho, kwa sababu foleni yao hata ikiwa ndefu inakwenda.

Hatua ya 5: Hesabu foleni kabla ya kuingia

Usiitazame foleni kwa urefu wake, ihesabu. Unahitaji tarakimu tatu: walio mbele yako, wanaopanda kwa zamu moja, na dakika za zamu moja pamoja na kushuka na kupanda. Tazama zamu moja tu na saa ya simu utazipata.

Mfano: mbele yako wapo watoto 60. Treni inabeba 20, na zamu nzima ni dakika 6. Basi ni zamu tatu, dakika 18. Gurudumu lenye vibanda 12 vya watoto wanne linabeba 48, zaidi ya mara mbili ya treni. Lakini kama kila kibanda kinakula dakika moja kupakia na mzunguko ni dakika nne, zamu moja ni dakika 16. Walio mbele wanamaliza zamu nzima na wengine 12 wanaingia zamu ya pili, nawe pamoja nao. Utasubiri dakika 16 na zaidi kidogo, karibu sawa na treni. Ungekuwa na macho tu, ungedhani gurudumu ni la haraka.

Mimi nikipata zaidi ya dakika 25, naondoka, narudi baada ya magharibi. Tiketi kama zinauzwa kwa kila pembea, mtu mzima mmoja azinunue zote kwa mara moja, asirudi dirishani kila saa.

Hatua ya 6: Mtoto asipotee

Hapa naomba unisome taratibu. Sikukuu moja mtoto wa darasa langu aliniachia mkono akaona buibui jeusi mbele yake, akalishika, akaenda nalo. Mama wa watu naye alikuwa na watoto wake watano, hakuhisi kuwa wamekuwa sita. Tulimpata baada ya dakika kumi, mbele ya mwenye bisi, hata kulia hajaanza. Mimi nililia.

Tangu siku ile navaa mtandio wa manjano juu ya buibui, na watoto wanajua: manjano ndiye mwalimu. Kabla ya kutoka nyumbani nampiga kila mtoto picha na nguo alizovaa. Naandika namba yangu ya simu kwa kalamu upande wa ndani wa mkono wake, chini ya kikono cha nguo, si mgongoni mwa mkono ambako kila mtu ataisoma. Na tukiingia tu, nawaonesha pahala pamoja: "Ukinipotea, simama hapa, usinitafute."

Chakula: kuleni nyumbani kabla. Urojo baadae, baada ya pembea ya mwisho, sio kabla yake.

Kwa wenzetu wa Pemba

Kiwanja cha watoto cha Tibirinzi pale Chake Chake mpango ni huo huo, isipokuwa jambo moja. Wanaotoka Wete na Mkoani wana hofu ya kukosa gari ya kurudi, kwa hiyo wanaanza kupungua mapema jioni. Unaekaa Chake, waachie alasiri wao, wewe toka jioni kabisa. Unaetoka mbali, panda gari ya mapema na kubaliana na dereva wa kukurudisha kabla hujaingia kiwanjani.

Hatua ya 7: Kuondoka

Toka kabla ya wengine, si pamoja nao. Isha ikikaribia, wape watoto pembea moja ya mwisho waichague wenyewe, kisha mlangoni. Wahesabu mlangoni, wahesabu tena wakishakaa ndani ya daladala, na usimwambie konda "twende" mpaka tarakimu zote mbili zimekubaliana.