Kuunga mabomba ya plastiki ya kusukuma

Hapa Lamu hewa ya chumvi hula bomba la chuma upesi, ndiyo maana mimi hupendelea plastiki yenye viungo vya kusukuma: haitaki kuchongwa nyuzi wala gundi.

Kata kwa mkasi wa bomba, mkato unyooke. Msumeno huacha makapi, na makapi hayo hukwaruza pete ya mpira iliyo ndani ya kiungo. Uvujaji mwingi ninaoitiwa huanzia hapo. Papasa ukingo kwa kidole mpaka uwe laini. Kisha tia ndani ya mdomo wa bomba kile kimrija kifupi cha kuukaza. Wengi hukiruka, nami nasisitiza: bila hicho mdomo hubonyea, hasa kwa maji moto. Pima kina cha kiungo, tia alama kwa kalamu, sukuma hadi kwenye alama, halafu vuta kwa nguvu. Lisitoke.

Kwenye hita ya jua iliyo juu ya paa anza na shaba, maana joto lake laweza kuishinda plastiki. Bomba linalopita juani lifunike.

Kabla ukuta wa matumbawe haujapigwa chokaa, jaza maji, funga koki zote, acha usiku kucha. Asubuhi pitisha karatasi kavu kwenye kila kiungo.