Kufuatilia kisukari cha aina ya kwanza kwa mashine ya CD4

Wenzangu wengi wa maabara waliofundishwa kuhesabu CD4 (aina ya chembe nyeupe za kinga) za wagonjwa wa VVU hawajui kuwa tayari wana sehemu kubwa ya ujuzi wa kufuatilia kisukari cha aina ya kwanza, ambako kwa kawaida kinga ya mwili yenyewe hushambulia seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Mimi nilihamia huko baada ya 2015, Shirika la Afya Duniani liliposhauri kila mwenye VVU aanze dawa bila kusubiri CD4 zishuke, na foleni ya sampuli ikapungua. Mashine yangu ni FACSCalibur ya rangi nne, ileile ya siku zote: inapitisha seli moja moja mbele ya leza na kusoma rangi tulizozipaka. Watoto ninaowapimia wamo kwenye utafiti wa kliniki ya kisukari.

Kabla ya kugusa mashine, hakikisha ni kinga kweli inayoshambulia kongosho. Omba kipimo cha kingamwili dhidi ya GAD65, IA-2 na ZnT8, ambazo ni protini za seli za insulini. Ya insulini inasaidia pia, ila kwa mtoto ambaye hajaanza sindano. Akishachoma insulini wiki mbili hivi, majibu yake hayaaminiki tena, kwa sababu mwili hutengeneza kingamwili dhidi ya dawa yenyewe. Huku kwetu hatua hii hairukwi. Utafiti uliochapishwa 2025 kutoka Kameruni, Uganda na Afrika Kusini ulikuta karibu theluthi mbili ya vijana walioandikiwa aina ya kwanza hawana kingamwili hizo. Ukiwachanganya hao na wenye kingamwili, utatafuta vita mahali ambapo huenda haipo. Omba na C-peptidi, ndiyo inayoonyesha kongosho bado linatoa insulini kiasi gani.

Sasa damu. Chukua kwenye chupa ya EDTA, ile ya kifuniko cha zambarau, na uichukue saa ileile kila mtoto anaporudi. Limfosaiti, kundi la chembe nyeupe zenye CD4 ndani yake, hupanda na kushuka ndani ya siku moja. Damu ya saa mbili asubuhi huwezi kuilinganisha na ya saa kumi jioni. Mtoto mwenye homa, malaria au kikohozi, mwahirishe mpaka apone. Aliyelazwa kwa sukari iliyopanda hadi damu ikawa na asidi, msubiri atulie, maana wakati ule chembe nyeupe zote zimevurugika. Wazazi wametoka mbali na watanung'unika, lakini ni heri kuwapigia simu mapema kuliko kumchoma mtoto sindano kwa majibu yasiyo na maana.

Tyubu yangu ya kwanza ni ya Treg, yaani seli T (aina ya limfosaiti) zinazowatuliza wenzao wasishambulie mwili. Rangi nne zinatosha kabisa, kila moja ikishika alama moja juu ya seli: CD3, alama ya seli T zote, kwa FITC, CD127 kwa PE, CD4 kwa PerCP, CD25 kwa APC. CD25 na CD127 ni hafifu, ndiyo maana nimezipa rangi zinazong'aa zaidi. CD4 inaonekana vizuri hata kwa rangi dhaifu. Weka mikrolita 100 za damu, ongeza vitendanishi, acha gizani dakika 20 hadi 30 kwenye joto la chumba. Mimina dawa ya kupasua chembe nyekundu, subiri dakika kumi, zungusha kwa g 300 dakika tano, mwaga, osha kwa PBS (maji ya chumvi ya maabara), zungusha tena. Tuliozoea kipimo cha VVU tulikuwa hatuoshi. Hapa osha, kwa sababu rangi inayobaki kwenye maji inaficha CD25 kabisa.

Kuweka geti, yaani kuchora mpaka kwenye mchoro wa kompyuta kuzunguka seli unazozitaka, ndiko kwenye kazi yenyewe. Anza na limfosaiti kwa ukubwa na chembechembe, kisha CD3, kisha CD4. Halafu fungua mchoro wenye CD25 chini na CD127 pembeni. Utaona wingu kubwa juu kushoto: hizo ni CD4 za kawaida. Kutoka hapo mkia mwembamba unateremka kuelekea pembe ya chini kulia, CD25 ikipanda huku CD127 ikishuka. Mkia huo ndio Treg. Hauna ukingo ulio wazi, na macho ya watu wawili yatakata sehemu mbili tofauti, kwa hiyo usikate kwa macho. Andaa tyubu ya ziada yenye rangi zote isipokuwa CD25, uone mwanga wa bure unafika wapi, ukate hapo. Geti ukishaliweka kwa mtoto, usilihamishe kwenye sampuli zake zijazo mpaka uwe na sababu unayoweza kuiandika. Kusanya CD4 zisizopungua 20,000; kwa mtu mzima Treg huwa kama asilimia 5 hadi 10 ya CD4, hivyo utapata elfu moja au zaidi za kuaminika.

Ujue pia kwamba CD4 iliyoamshwa na ugonjwa wowote nayo huvaa CD25 na kupunguza CD127, ikajipenyeza ndani ya geti lako. Ndiyo sababu nilisisitiza habari ya homa.

Tyubu ya pili ni ya CD8, seli T zinazoua, na alama zake ni CD3, CD8, CD45RA na CCR7. CCR7 ipake rangi kwenye nyuzi 37, hushika vizuri kuliko kwenye joto la chumba. Seli yenye CD45RA na CCR7 zote mbili kwa kawaida haijawahi kupigana. Isiyo nazo ni mzoefu.

Hapa nataka nisikike vizuri: idadi peke yake haisemi kitu. Asilimia ya Treg katika damu ya wenye kisukari hiki mara nyingi inalingana na ya watu wasio na ugonjwa. Hata CD8 zinazotambua ZnT8 zilikutwa, katika utafiti uliotoka 2018, zikizunguka kwenye damu ya watu wasio na ugonjwa kwa kiwango kilekile. Tofauti ilikuwa ndani ya kongosho, ambako wagonjwa walikuwa nazo nyingi zaidi. Kinachofaa kufuatilia ni hali ya seli, mtoto akilinganishwa na yeye mwenyewe wa miezi iliyopita. Teplizumab, dawa inayoshika CD3, iliyoidhinishwa Marekani Novemba 2022 kwa kuchelewesha ugonjwa, inafundisha hivyohivyo: waliofaidika walionyesha CD8 zilizochoka, zenye alama za TIGIT na KLRG1.

Jambo la mwisho ni fomu. Mama mmoja alinijia dirishani akitetemeka, ameona "CD4" kwenye karatasi ya mwanawe. "Dokta, mmempima ukimwi bila kuniambia?" Huku kwetu herufi hizo zina maana moja tu kwa watu. Tangu hapo kwenye karatasi ya mzazi tunaandika "seli za kinga, utafiti wa kisukari", na muuguzi anamweleza kabla ya sindano. Kwa daktari naandika asilimia, idadi ya seli nilizokusanya, saa ya kuchukua damu na kama mtoto alikuwa na homa wiki ile. Chini yake naongeza kwamba majibu haya hayabadilishi dozi ya insulini, na faili ghafi la mashine nalihifadhi chini ya namba ya utafiti, bila jina.